Ndege Inayopita Juu ya Githongo

Wiki iliyopita Njeru, kijana niliyemwachia kazi, alinipigia simu kutoka kiwanja cha ndege akitaka kujua soksi ya upepo, ile ya kitambaa inayomwonyesha rubani upepo unakoelekea, hushonwa na fundi gani. Nilimwambia mimi sasa ni mstaafu, shida zangu ni kuku na goti la kushoto. Kisha nikamweleza: ni yule mama wa Dallas, mtaa wa hapa Embu, anayeshona mahema ya harusi, na asikubaliwe kutumia uzi wa nguo, kwa sababu jua na upepo wa hapa huumaliza kabla mahindi hayajakomaa. Nadhani alikuwa akiandika, halafu akasema, "Madam, haya mambo yote uko nayo kwa kichwa tu. Si uandike?"

Basi naandika, kwa ajili yake na wenzake. Wao wana simu zenye ramani na picha za mawingu zilizopigwa kutoka juu, na ni vizuri. Mimi nitawaambia ya chini.

Niliingia kiwanja cha ndege cha Embu mwaka mmoja baada ya kuolewa. Kwetu ni Githongo, Imenti ya Kati, upande wa Meru, kwenye kahawa. Mume wangu ni mwalimu, mtu wa Embu, nami nilimfuata. Jina langu ni Kagendo, jina ambalo kwetu lina maana ya mtu wa safari, na nimefanya kazi maisha yangu yote nikiwa mahali pamoja.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilidhani nitakuta vioo na watu wenye tai. Nilikuta chumba kimoja cha mabati, benchi, redio ya mkononi, na katikati ya lami gari dogo likienda kwa kurukaruka, kwa sababu kulikuwa na mtu anayejifunza kuendesha. Upande wa pili akina mama wawili walikuwa wamemwaga maharagwe yakauke. Lami hushika joto kuliko turubai, na kila mtu wa pale alijua hivyo.

Mzee Ireri, aliyekuwa mwangalizi wa kiwanja, alinitazama miguuni kwanza.

"Wewe ndiye mwari wa Meru?"

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kukimbia?"

"Kidogo."

"Ndege iko njiani. Wewe chukua maharagwe, mimi nitachukua dereva."

Nilivua viatu nikakimbia. Wale akina mama hawakushtuka hata kidogo. Mmoja aliniambia, "Ngoja yakauke upande huu, dada." Nikamwambia ndege haingoji. "Na hiyo ndege ina haraka ya kwenda wapi?" akaniuliza, huku akizoa maharagwe yake taratibu. Niliposimama kando ya lami, nikihema, ile ndege ndogo nyeupe ilishuka mbele yetu, na yule mama akasema kwamba imekaribia kumwaga maharagwe yake, kana kwamba sisi ndio tumemkosea.

Hiyo ndiyo kazi, nusu yake. Kiwanja kikubwa kina ua na askari. Kiwanja kidogo kina majirani. Wanapitisha ng'ombe, wanapiga picha za harusi, wanafundishana baiskeli. Mwaka mmoja watu wa kanisa walisimamisha hema la mkutano wa injili palepale ndege inapogeukia. Nilimwendea mchungaji.

"Mchungaji, hapa hapawezekani."

"Mama, tumeomba."

"Mmemwomba nani?"

"Mungu."

"Mngeomba ofisi pia."

Alicheka, akahamisha hema, na tangu siku hiyo kila mkutano alikuwa akinitaja kwenye maombi kama dada yetu wa ndege. Usigombane na jirani wa kiwanja. Utamhitaji siku ng'ombe wake akiwa kwenye lami na wewe umeishiwa pumzi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Firimbi, ndoo ya chokaa ya kupaka mawe ya pembeni, soksi ya upepo, redio. Mzee Ireri alinifundisha kila kimoja kwa subira, isipokuwa firimbi, ambayo hakunipa hadi siku alipostaafu. Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa macho. "Rubani akikuuliza hali ya hewa," aliniambia, "usimwambie ni nzuri. Nzuri kwa nani? Mwenye kahawa anataka mvua, mwenye harusi anataka jua. Mwambie unachokiona, basi."

Tulichokiona kilikuwa kilima cha Kirimiri, upande wa Runyenjes, kwenye njia ya ndege ya Meru. Kirimiri kikionekana chote mpaka miti ya juu, ndege inaondoka. Kikionekana nusu, tunapiga simu Meru kwanza. Kisipoonekana, tunachemsha chai. Nimewaona marubani wageni wakicheka kipimo hicho, kisha wakinywa chai pamoja nasi.

Upande wa Meru alikuwepo Mutwiri, mwangalizi mwenzangu wa kiwanja cha kule. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Majengo, karibu na msikiti, na kila asubuhi alikuja kazini na habari za bei ya nyama. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kabla ya kuonana uso kwa uso. Nilimjua kwa kikohozi chake. Yeye kipimo chake kilikuwa milima ya Nyambene.

"Mutwiri, Nyambene iko?"

"Iko, lakini imejifunika blanketi mpaka kwa kiuno."

"Rubani anauliza kama ataona kiwanja."

"Kiwanja ataona. Ng'ombe ndiyo sijui kama itamwona yeye."

Ndege yetu ya kudumu ilikuwa ya madaktari wa macho. Kila wiki walitoka Nairobi asubuhi, wakashuka Embu, wakaacha mmoja wao au wawili, wakaendelea Meru. Kurudi walipitia upande mwingine wa mlima, kwa hiyo mimi niliwaona mara moja tu, wakienda. Na tulikuwa na sheria, mimi na Mutwiri, ambayo sijui kama iliandikwa popote: anayetuma ndege haondoki kiwanjani mpaka aambiwe imefika. Magurudumu yakiacha lami nilimpigia nikasema, "Ametoka." Ikishuka kwake alinipigia akasema, "Amefika." Katikati ya maneno hayo mawili hakuna kazi yoyote. Huwezi kwenda sokoni, huwezi kulala. Unakaa.

Nilikaa kwenye benchi nikiisindikiza kwa akili. Sasa iko Runyenjes. Sasa inavuka mto Thuci. Chuka. Sasa iko juu ya Nithi, na kule chini magari yanashuka kuelekea darajani kwa gia ndogo, watu wakiwa wameacha kuongea kwa kuhofia ajali. Chogoria. Nkubu. Halafu Githongo: soko, kiwanda cha kahawa, mteremko wa udongo mwekundu, na paa la mama yangu.

Watu huniuliza Meru iko mbali kiasi gani na Embu. Kwa barabara ni kama kilomita mia na thelathini, saa tatu ikiwa hakuna lililotokea, na kwenye barabara ile huwa kuna lililotokea. Kwa hewani kilomita hazifiki mia, na ndege ndogo hutumia chini ya nusu saa. Tofauti ni mito. Mlima umetuma mito kila upande, kila mto umejichimbia bonde lake, na barabara ni lazima ishuke kuusalimia kila mmoja, kisha ipande tena. Ndege haisalimii mto.

Kwa hiyo kila wiki niliwatuma watu nyumbani kwetu, madaktari na masanduku yao, nao wakafika kabla sijamaliza chupa ya chai. Mimi mwenyewe nilifika huko Krismasi, Pasaka, na kwenye mazishi. Nilikuwa kama mtu anayewafungulia wageni lango la kwao, kisha analifunga yeye akiwa nje. Sikulalamika. Watoto walikuwa wadogo, kiwanja kilikuwa na watu wawili tu, na Mama alikuwa na afya. Lakini ndege ikishapotea nyuma ya Kirimiri nilikuwa naendelea kutazama pale pale, na Mzee Ireri, alipokuwa bado kazini, aliniona hivyo. Alisogeza tu chupa ya chai upande wangu.

Alipostaafu niliachiwa firimbi na benchi. Baadaye akaja Njeru.

Krismasi moja nilikuwa nyumbani, nimekwenda na Mama kiwandani kuchukua ratiba ya kuchuma kahawa. Mwanamke mmoja jirani akanisalimia akicheka. "Kagendo, leo umekuja na miguu? Ndege umeiacha wapi?" Mwenzake akadakia, "Huyu hutupita kila wiki. Hata kilo ya sukari hajawahi kututupia." Nilicheka nao. Mama hakucheka. Alisema kazi ya serikali haisimami njiani, akanivuta mkono tukaondoka.

Jioni nilikuwa jikoni namenya viazi na Nkatha, mke wa mdogo wangu, ambaye ndiye anaishi na Mama. Nikamuuliza wale wanawake walikuwa wanasema nini.

"Kwani hujui, wifi?" Aliacha kisu. "Mama anajua wewe uko ndani ya ile ndege. Ikipita anatoka nje, anaitazama mpaka iishe. Halafu anaweka uji kwa moto. Anasema ukishuka Meru utachukua gari urudi huku."

"Na nisipokuja?"

"Anakunywa yeye jioni, ukiwa baridi. Anasema, amepita."

"Na wewe hujamwambia?"

"Nimemwambia mpaka nikachoka. Ananiuliza mimi nimejulia wapi mambo ya ndege."

Kwa asiye mtu wa kwetu nieleze. Githongo unaweza kurudi nyumbani maskini, umechelewa, umelewa hata. Utasemwa, lakini utapewa kiti. Jambo lisilosameheka haraka ni kupita lango la mama yako bila kuingia. Hata kama unakimbilia mahali, unaingia, unanywa kitu umesimama, unaendelea. Asiyeingia, watu huanza kuulizana: wamekosana nini? Na mama yangu, kwa miaka, aliamini kwamba binti yake anapita juu ya paa lake kila wiki, anamwona akiwa amesimama kwenye mashina ya kahawa, na haingii. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Kila nilipokuja alinipokea kama mtu asiye na kosa lolote.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimkalisha nje kwenye jua.

"Mama, mimi sipandi ndege. Mimi nafanya kazi nikiwa chini."

"Chini wapi?"

"Embu."

"Na ndege iko juu."

"Ndiyo."

"Inakuja Meru."

"Ndiyo. Mimi nabaki."

Alifikiri. "Mchungaji huenda na ng'ombe wake," akasema. "Makanga huenda na gari lake. Wewe unatuma ndege iende peke yake?"

"Ina rubani, Mama."

"Basi sawa," akasema, kwa ile sauti ambayo watu wa kwetu husema sawa wakiwa na maana kwamba tumemaliza lakini hatujakubaliana.

Niliporudi Embu nikapata akili, au nilidhani nimepata. Siku ya ndege, ilipoondoka, nilihesabu njia kwenye benchi kama kawaida: Thuci, Chuka, Nithi. Nilipofika Nkubu nikapiga simu nyumbani, Nkatha akampa Mama.

"Mama, unaisikia ndege?"

"Naisikia. Iko hapa juu."

"Sasa mimi niko Embu, nimekaa kwenye benchi, na tunaongea. Umeona? Simo ndani."

Nilisikia kupitia simu yake sauti ya ile injini, ile ile niliyoisikia ikiondoka.

"Siku hizi hata ndege zina simu," Mama akasema. "Haya, usiongee sana, utamchanganya dereva."

Njeru alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Halafu alienda kupaka mawe chokaa, nikabaki na simu mkononi, na sikuona tena cha kuchekesha.

Tangu hapo nilijitahidi kwenda mara nyingi zaidi. Nilibadilishana zamu na Njeru, nilikwenda hata kwa siku moja na kurudi. Haikusaidia jinsi nilivyotaka. Nikiingia langoni, matope hadi kwenye magoti, Mama alikuwa akisema, "Leo wamekupa ruhusa ya kushuka." Na wiki iliyofuata ndege ilipita, na uji ukawekwa motoni. Mara ya mwisho kujaribu kumweleza, aliweka mkono juu ya goti langu akasema, "Kagendo, mimi sijasema kitu." Na kweli hakuwa amesema.

Mama aliugua kifua mwaka mmoja kabla ya mwaka wangu wa mwisho kazini. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani akiwa mwepesi kama mtoto. Ilikuwa majira ya baridi, mwezi wa saba, wakati mawingu hulala juu ya mashamba ya Meru mpaka mchana. Asubuhi moja Nkatha alinipigia nikiwa kiwanjani.

"Wifi, mama hajaamka vizuri leo. Anakuulizia wewe tu."

"Jumamosi nitakuwa huko."

"Usingoje Jumamosi."

Nkatha si mtu wa maneno mengi.

Ndege ya madaktari ilikuwa imesimama kwenye lami. Rubani, Kapteni Ochieng', aliyekuwa ametuletea madaktari kwa miaka kadhaa, alikuwa anakunywa chai yetu. Aliona uso wangu akauliza, nikamwambia. Hakutumia maneno mengi yeye pia.

"Daktari mmoja amebaki hapa. Kiti kiko wazi. Panda."

"Nani atabaki kiwanjani?"

Nilimpigia Njeru, aliyekuwa na siku yake ya mapumziko. Alikuja kwa baiskeli, shati limevaliwa nje ndani. Nilimpigia mkubwa wangu, akasema nenda. Nikatoka nje nikatazama Kirimiri: kilionekana chote, mpaka miti. Nikampigia Mutwiri.

"Nyambene imejifunika kwa kiuno," akasema, "lakini naona kama ukungu unapanda."

Kwa barabara ningefika saa sita mchana, Mungu akipenda. Kwa ndege ningekuwa kando ya kitanda cha Mama kabla ng'ombe hawajarudishwa kutoka kwenye maji. Hakukuwa na la kufikiria. Nilimkabidhi Njeru redio na firimbi, nikapanda, na tulipoinuka nilimwona pale chini akiweka simu sikioni. Nilijua neno analosema. Miaka yote nililisema mimi, juu ya watu wengine.

Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Vijana, msicheke. Mpishi wa hoteli hali hotelini. Nilikaa nyuma ya rubani, na ile njia niliyoipita kwa akili kwenye benchi ikaanza kupita chini yangu kwa mpangilio ule ule. Runyenjes. Thuci, mstari mwembamba chini ya miti. Mashamba ya chai juu, yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule, na ya kahawa chini yake. Bonde la Nithi, ambalo nimelivuka mara nyingi nikiwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, lilipita kabla sijamaliza kulitambua. Nilikuwa nimetarajia furaha. Nilichohisi kilikuwa karibu na hasira. Kumbe ni hapa tu. Nilikuwa nimemkosa mama yangu miaka yote kwa umbali wa hapa tu.

Baada ya Chogoria ukungu ulianza. Haukupanda kama Mutwiri alivyodhani. Ulikuwa unateremka kutoka mlimani, kama maziwa yanapofurika sufuria, ukijaza bonde moja baada ya lingine. Juu ya Nkubu tuliona vipande vya barabara, kisha hatukuona. Kapteni akaita Meru kwa redio.

"Meru, mnaona kiwanja?"

Sauti ya Mutwiri ilikuja na kikohozi chake. "Kapteni, hata mti wa lango siuoni. Na nimeuegemea."

Kapteni aliinamisha ndege upande wa kushoto, akitafuta uwazi. Na pale, kwenye tundu moja la ukungu, niliiona Githongo. Nililiona soko. Niliziona meza za kukaushia kahawa za kiwanda, tupu, zimepangwa. Nililiona lile paa la bluu ambalo mdogo wangu aliliweka mwaka uliotangulia, na moshi ukitoka jikoni. Nilikuwa juu ya mama yangu. Ningeweza kumwangushia skafu.

Tulizunguka juu ya lile tundu. Kapteni alijaribu kaskazini, akarudi. Akajaribu mashariki, akarudi. Kila tuliporudi tundu lilikuwa dogo zaidi.

"Isiolo?" nikamuuliza.

"Isiolo kuna jua. Lakini njia ya kwenda iko ndani ya hii. Na nikizunguka kupitia Tharaka, mafuta hayatanitosha kurudi ikibidi." Akaniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. "Mama Kendi, mimi narudi Embu. Pole sana."

Mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia marubani waamini wanachokiona tu, atamwambia nini rubani asiyeona kitu? Nikamwambia, "Rudi, Kapteni." Lile paa la bluu likafunikwa.

Njeru alitupokea Embu. Mutwiri akanipigia. "Nilikusikia huko juu," akasema. "Sina la kufanya, dada." Nikamwambia najua. Kama ningepanda gari mara tu Nkatha aliponipigia, wakati huo ningekuwa nimeshapita Chuka.

Nilienda stendi, nikaanza safari mwanzo. Sitaieleza barabara, mnaijua. Mteremko wa Nithi ulikuwa umefungwa na lori lililolala upande, tukakaa hapo muda mrefu sana. Baada ya Chogoria tuliingia kwenye ule ukungu, safari hii kwa chini, gari likitambaa na taa zimewashwa mchana. Simu ilikuwa mkononi mwangu njia yote, na sikupiga. Nkatha naye hakupiga. Nilijiambia kwamba asiyeuliza hajibiwi, na maadamu sijajibiwa, Mama yuko.

Kutoka Nkubu nilipanda pikipiki. Nilifika wakati ng'ombe wa jioni wanakamuliwa. Nkatha alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso kifuani. Nilimtazama usoni kabla ya kufika lango, kama nilivyofundishwa kutazama kilima.

"Ingia," akasema. "Ako macho."

Mama alikuwa ameegemezwa mito miwili. Alinitazama muda mrefu kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Umekuja."

"Nimekuja, Mama."

"Nilikusikia asubuhi."

Nilijua kinachofuata, na nilikuwa nimechoka. "Mama, kulikuwa na ukungu, kiwanja cha Meru..."

Aliinua vidole kidogo kutoka kwenye blanketi, nikanyamaza.

"Miaka yote unapita moja kwa moja," akasema. "Leo ulizunguka. Ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, hapa hapa juu. Nkatha, si nilikwambia?"

"Ulisema," Nkatha akajibu. Akanigeukia. "Alisema, leo Kagendo hapiti. Leo anatafuta mlango."

Nilikuwa na maelezo yangu tayari, ya Isiolo na mafuta na mti wa lango. Niliyaacha. Nimetumia maisha yangu ya kazi kusahihisha watu: si ndege hiyo, si saa hiyo, si mahali hapo. Jioni ile sikuwa na cha kusahihisha. Nilikuwa ndani ya ndege, na nilikuwa natafuta mlango. Nilivua koti lililolowa, Mama akajisogeza upande wa ukuta, nikakaa pale aliponipisha.

Nilichukua likizo yangu yote, na Njeru alibaki na kiwanja peke yake, jambo ambalo sijamshukuru vya kutosha, kwa hiyo namshukuru hapa. Mama aliishi majuma kadhaa zaidi. Hakuwa na maumivu mengi. Mchana nilimtoa nje kwenye jua, nikamkalisha kwenye kiti chenye mto, mimi kwenye kigoda karibu na miguu yake, nikimchambulia maharagwe.

Siku moja hali ya hewa ilikuwa safi kabisa, mlima wote unaonekana. Ndege ya madaktari ilikuja kutoka upande wa Nkubu, nyeupe, ikapita juu yetu moja kwa moja. Mama aliinua uso akaisikiliza mpaka sauti ikaishia Meru. Kisha alinitazama mimi, hapo chini, na maharagwe yangu.

"Hiyo leo imepita tupu," akasema.